Barua ya wazi kwa walioandaa safari yetu: mlituuzia mji wa Petra, mkatuonyesha mlango wake

Kwa: Mkurugenzi na Meneja wa Safari,
Kampuni iliyotupeleka hija ya Nchi Takatifu na Petra.

YAH: SIKU YA PETRA TULIYOILIPIA NA SIKU TULIYOPEWA

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Jina la kampuni yako sitalitaja humu, nimeliacha kwa makusudi. Wewe unajijua, wafanyakazi wako wanajijua, na sisi tuliosafiri nanyi tunawajua. Sina nia ya kuwafungia biashara. Ninachotaka ni jibu, nami nimelitafuta kwa njia zote za kimyakimya nikalikosa.

Barua ya kwanza niliileta ofisini kwenu mwenyewe, ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Nilipofuatilia kwa simu niliambiwa suala langu "linafanyiwa kazi". Nilipouliza kwenye kundi la WhatsApp la safari, kiongozi wetu alinijibu kwa ile alama ya viganja viwili vilivyounganishwa, na kesho yake kundi likafungwa, wakabaki wasimamizi peke yao wenye ruhusa ya kuandika. Mwishowe nikaletewa ujumbe kwamba nimepewa punguzo kwenye safari ya mwakani. Punguzo sikuliomba, na mwakani sina safari.

Nikutendee haki kabla sijaendelea. Siku za Yerusalemu, Bethlehemu na Galilaya mlizisimamia vizuri. Viza zilitoka kwa wakati, vyumba vilikuwa safi, na padre wetu alipata mahali pa kuadhimisha misa kila alipohitaji. Malalamiko yangu yanahusu siku moja, ile ya Petra, mji wa kale wa Jordan uliochongwa mwambani, siku iliyotozwa ada yake pembeni, na ambayo ndiyo iliyowafanya wengi wetu tuchague kampuni yenu tukaacha nyingine. Wapo waliodunduliza kwenye VICOBA kwa ajili ya siku hiyo, na wapo waliomega kiinua mgongo. Mimi nilifundisha historia sekondari hadi nikastaafu, na kila nilipofika kwenye biashara ya kale ya Bahari ya Shamu niliwasimulia wanafunzi habari za Petra. Kwa hiyo nilijua ninachokwenda kukitazama, na ndiyo maana ninajua nilichonyimwa.

1. Muda

Kipeperushi chenu kilisema "Petra: siku nzima". Siku yenyewe ilikwenda hivi. Tulilala Eilat, upande wa Israeli. Asubuhi tukavuka kwenda Aqaba, upande wa Jordan. Foleni ya mpakani ilichukua muda wake, nayo siilalamikii, mpaka ni mpaka. Kutoka Aqaba hadi Wadi Musa, mji mdogo ulio mlangoni pa Petra, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa basi. Lakini basi lilisimama njiani kwenye duka kubwa la vinyago na vitambaa, na halikung'oka hapo mpaka kila mtu alipomaliza kuzunguka rafu. (Nani analipwa nini na duka lile, mtajua wenyewe.) Tulipofika Wadi Musa tukapelekwa kula kwanza. Tuliingia getini adhuhuri imeshapita, tukatangaziwa kwamba basi litaondoka saa kumi kamili.

Sasa piga hesabu. Kutoka getini hadi Hazina, lile jengo la kuchongwa mwambani ambalo picha yake iko kwenye kila tangazo lenu, ni karibu kilomita 2. Kwenda ni mteremko, kwa maana hiyo kurudi ni kupanda. Zaidi ya nusu ya njia hiyo ni Siq, ule mpasuko wa mwamba wenye urefu wa kilomita 1.2 hivi, ambao mahali pengine ni mwembamba hata watu wakipishana na gari inabidi wajibanze ukutani. Kundi letu lilikuwa na watu wa miaka 60 na 70. Walipofika mbele ya Hazina, wakiwa wanahema, kiongozi wenu alikunjua bango la kampuni, tukapangwa nyuma yake, tukapigwa picha. Kisha akaanza kuhesabu watu wa kurudi.

Ndugu Mkurugenzi, pale Hazina ndipo mji unapoanza. Ukipinda kulia unakutana na ukumbi wa maonyesho uliochongwa jabalini, wa kukaa maelfu ya watu. Mkabala wake, juu kidogo, yamepangwa Makaburi ya Kifalme. Mbele zaidi bonde linafunguka na kuna barabara iliyotandikwa mawe, yenye nguzo kandokando, ambako ndiko yalikokuwa masoko na mahekalu. Hekalu la Qasr al-Bint bado limesimama kwa kuta zake. Juu ya kilima kuna magofu ya kanisa la Wakristo wa kale lenye sakafu ya vigae vya rangi, na humo mwaka 1993 zilipatikana hati za mafunjo takriban 140, zimeungua hadi kuwa makaa lakini wataalamu wakafaulu kuzisoma: ndoa, urithi, mauziano, magomvi ya mali. Mahujaji Wakristo tulipelekwa hadi Hazina, tukageuzwa bila kuambiwa kwamba kuna kanisa! Na mwisho wa yote kuna ngazi za mwambani, zaidi ya 800, zinazopanda hadi jengo liitwalo Monasteri, ambalo ni pana kuliko hiyo Hazina. Hilo la ngazi nakubali lisingewezekana kwa wengi wetu. Hayo mengine yaliwezekana.

Mtu akimpeleka mgeni Zanzibar, akamsimamisha mbele ya mlango mmoja wa kuchongwa pale Shangani, akampiga picha, akamrudisha bandarini, atasema amemtembeza Mji Mkongwe?

2. Maelezo

Mwongoza wageni mliyemkodi alikuwa kijana mchangamfu, na binafsi sina ugomvi naye. Alizungumza Kiingereza cha haraka, mbele, akiwa amezungukwa na vijana wenye miguu mepesi. Waliokuwa nyuma walisikia mwangwi. Hakuna aliyetafsiri, ingawa kipeperushi kiliahidi "maelezo kwa Kiswahili".

Na alichosema kilikuwa nini? Kwamba Farao alificha dhahabu ndani ya lile chungu la mawe lililo kileleni mwa Hazina. Hiyo ni hadithi ya wenyeji, na ni hadithi tamu: kwa ajili yake watu walilipiga chungu lile risasi wakitumaini litapasuka limwage sarafu, na alama za risasi zinaonekana hadi leo. Lakini chungu hilo ni mwamba mtupu, halina uvungu. Kwetu ilisimuliwa kama historia, na wazee wa watu wamerudi Tanga wakiwaambia wajukuu kwamba wameona benki ya Farao. Baada ya hapo tukaambiwa kuna filamu iliyopigwa mahali pale. Basi.

Wataalamu wengi wanaiona Hazina kuwa kaburi la kifalme, la zama za Mfalme Areta wa Nne wa Wanabatea, watu waliouchonga mji huo, aliyetawala kuanzia mwaka 9 KK hadi 40 BK. Mwaka 2003 yalichimbuliwa makaburi chini ya uwanja wa mbele yake, na mwaka 2024 likafunguliwa jingine lenye mifupa ya watu 12. Yaani pale tulipopangwa kupiga picha na bango, chini ya viatu vyetu kuna maziara.

Na huyo Areta si mgeni kwa mahujaji! Yumo katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 11: liwali wake aliulinda mji wa Dameski ili amkamate Mtume Paulo, naye Paulo akateremshwa ukutani ndani ya kapu. Binti wa Areta huyohuyo ndiye aliyekuwa mke wa Herode Antipa kabla Herode hajamtaka Herodia, shemeji yake. Binti akakimbilia kwa baba, baadaye vita ikaja, na jeshi la Herode likapigwa. Baadhi ya Wayahudi wa siku zile, kwa mujibu wa mwanahistoria Yosefo, walisema hiyo ni adhabu ya damu ya Yohana Mbatizaji. Kundi zima la watu wanaozijua habari hizi kwa moyo lilisimama mbele ya kazi ya mafundi wa zama za mfalme huyo, na hakuna aliyewafumbulia kinywa.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, labda kwa sababu ya kazi yangu. Tuliambiwa Petra ni "maajabu", neno ambalo halielezi chochote. Petra ulikuwa mji wa biashara. Wanabatea walikuwa Waarabu wa jangwani walioshika njia za ubani na manemane kutoka kusini mwa Arabia, misafara ya ngamia ikipanda kaskazini hadi Gaza na bahari ya Mediterania. Mwaka 312 KK jenerali wa Kimakedonia, Antigono, aliwatumia jeshi. Lilivamia wakati wanaume wamekwenda mnadani, likaondoka na ubani, manemane na talanta 500 za fedha. Wanabatea waliporudi na kukuta mwamba wao umeporwa, walilifuata jeshi lile usiku na kulichinja karibu lote. Ukisikia habari hiyo huhitaji Farao.

Mle Siq, kwenye ukuta wa kushoto unapoingia, kuna mchongo wa msafara: ngamia na mtu anayewaongoza, wakubwa kuliko maumbile. Umekatika, sehemu ya juu imelika, imebaki miguu na pindo la nguo. Huo ndio mji unajieleza wenyewe, kwamba utajiri wote huu ulikuja kwa miguu hiyo. Tuliupita mbio. Nilipomgusa kiongozi wenu bega na kumwonyesha, akaniambia, "Mwalimu, twende, tutachelewa."

Kadhalika maji. Kandokando ya Siq upande mmoja unaona mfereji uliochongwa ukutani, upande wa pili alama za mabomba ya udongo, yaliyoleta maji kutoka chemchemi ya Ain Musa. Mlangoni kuna bwawa na handaki la kugeuza mafuriko yasiingie mjini. Katika nchi yenye mvua haba namna ile, mji uliokadiriwa kuwa na watu 20,000 au zaidi ulikunywa, ulinywesha ngamia na kumwagilia bustani. Sisi tunaotoka kwenye miji ambako bomba likikohoa tunashangilia tungekuwa na mengi ya kuuliza hapo.

Halafu kuna habari yetu wenyewe. Mwongozo mmoja wa mabaharia, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, unaitaja bandari ya Leuke Kome kwenye Bahari ya Shamu, ambayo kutoka hapo njia ilikwenda Petra kwa Maliko, mfalme wa Wanabatea, na ambako alikaa mtoza ushuru wa robo ya bidhaa. Ndani ya mwongozo huohuo, kurasa chache tu kando, inatajwa Azania, yaani pwani yetu, na soko lake la mwisho Rhapta, ambalo wanahistoria wengi wanalitafuta katika pwani ya Tanzania: pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kasa. Petra na Rhapta katika maandishi ya mkono mmoja. Na ubani tunaouchoma kwenye vyetezo vyetu ni wa ukoo uleule uliopandishwa ngamia kwenda Petra. Mmezoea kuwaambia wateja kwamba mnawapeleka mbali. Hapo mngewaambia kwamba wamefika karibu.

3. Kiingilio

Kwa miaka mingi bei za Petra zimekuwa wazi. Mgeni anayelala Jordan hulipa dinari 50 kwa siku moja, 55 kwa siku mbili, 60 kwa siku tatu. Asiyelala, yaani anayeingia na kutoka siku hiyohiyo kama mlivyotufanya sisi, hulipa 90. Tofauti kati ya 50 na 90 ni dinari 40, sawa na dola 56 za Marekani. Ninyi mlikwepa gharama ya hoteli ya usiku mmoja, sisi tukalipa tiketi ya juu kabisa kwa muda mfupi kabisa. Laiti tungelala Wadi Musa, tiketi ya siku mbili ingekuwa dinari 55, na zile 35 zilizobaki zingesaidia kulipia kitanda. Hamkutueleza hilo wakati wa kuchangia. Niliposoma bango la bei pale dirishani ndipo nilipoelewa.

4. Farasi, na mama aliyebaki kwenye jiwe

Mama mmoja wa kundi letu, mtu wa zaidi ya miaka 70 mwenye tatizo la magoti, aliuliza tangu Dar es Salaam kama ataweza. Mkamjibu, "Usijali mama, kuna farasi, yumo ndani ya tiketi." Ni kweli farasi yumo ndani ya tiketi. Lakini farasi yule anaishia kwenye mdomo wa Siq, pale kwenye bwawa. Haingii ndani. Mama akateremshwa, mwenye farasi akaomba bakshishi (ambayo ni desturi ya pale, naye hakuwa na kosa), na mbele yake kukawa kumebaki zaidi ya kilomita nzima ya kutembea. Aliketi kwenye jiwe hapo mpaka tuliporudi. Hakuona Hazina wala chochote.

Tangu mwaka 2021 kuna vigari vya umeme vinavyobeba watu hadi Hazina kwa malipo, vilivyochukua nafasi ya magari ya kukokotwa na farasi. Vilitupita tukiviona. Mama yule alikuwa na fedha ya kulipa. Alichokosa ni mtu wa kumwambia vinakatiwa tiketi wapi, na kiongozi aliyepaswa kumwambia alikuwa mbele, na bango.

Kati ya yote niliyoyaandika, hili ndilo lililonifanya nianze kuandika.

5. Mafuriko

Hili ni fupi. Siq ni njia ya maji. Aprili 1963 gharika ya ghafla iliwaua humo Wafaransa zaidi ya 20 waliokuwa katika ziara kama yetu, padre wao akiwa miongoni mwao. Novemba 2018 mafuriko yaliua watu nchini Jordan na maelfu ya watalii wakaondolewa Petra kwa haraka. Siku yetu kulikuwa na mawingu. Hatukuambiwa tukimbilie wapi, nani wa kumpigia, wala tukutane wapi tukitawanyika. Nusu yetu hatukuwa hata na laini ya simu inayofanya kazi Jordan.

6. Wenyeji

Ndani ya basi kiongozi wenu alitutangazia: "Msinunue kitu, msiongee nao, hawa ni wezi." Alikuwa akiwasema Mabedui wa kabila la Bdoul, ambao wazee wao waliishi kwenye mapango ya Petra mpaka mwaka 1985 walipohamishiwa kijiji cha Umm Sayhoun, juu ya bonde. Mwaka huohuo Petra uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wao ndio wenyeji pale, sisi ni wageni. Kutuasa tusinunue kwa mtoto anayepaswa kuwa darasani ni wosia mzuri. Kututahadharisha na "sarafu za kale" za kutengenezwa, sawa pia. Lakini kumwita mtu mwizi nyumbani kwake, mbele ya mahujaji, ilhali basi limetoka kwenye duka ambalo bei zake zilitutoa jasho, ni aibu.

Majibu ninayoyatarajia

Najua mtasema mwongoza wageni si mwajiriwa wenu, ni wa wakala wa kule. Mimi sikumlipa wakala wa kule. Risiti yangu ina mhuri wenu.

Mtasema wazee hawawezi kutembea, kwa hiyo mlifupisha kwa kuwahurumia. Huruma hiyo mngeionyesha kwa kuwaeleza umbali kabla hawajalipa, na kwa kuwakatia vigari. Strabo, mwanajiografia wa zama za Augusto, alikuwa na rafiki mwanafalsafa aliyewahi kukaa Petra, akamsimulia kwamba alikuta wageni wengi mle mjini wakishtakiana wao kwa wao na wenyeji, lakini wenyeji hawagombani. Mji ulikuwa umejengwa kupokea wageni. Haiwezekani mzee wa leo ashindwe kuingia kwa kukosa maelezo tu.

Mtasema watu wenyewe hawataki historia, wanataka picha. Hili nimelisikia sana, hata kwa watu ninaowaheshimu. Lakini kwenye basi la kurudi, nilipoanza kumweleza jirani yangu habari za Areta na lile kapu, viti vya mbele viligeuka, watu wakaomba nipewe kipaza sauti, na nilizungumza hadi taa za Aqaba zikaonekana. Msiwasingizie watu.

Mtasema usalama wa mpakani na saa za kufunga mpaka. Hiyo ni sababu ya kulala Jordan. Haiwi sababu ya kusimama dukani.

Na mtasema kwamba ukibadilisha ratiba bei inapanda. Inawezekana. Basi iandikeni bei hiyo mpya, watu wachague. Na kama mtu hana uwezo wa kulala Wadi Musa, mwambieni ukweli kwamba atakachokiona ni Siq na Hazina pekee, na siku hiyo iiteni "Petra: muda wa saa tatu". Yupo atakayeridhika na saa tatu, na ni haki yake.

Ninachoomba

Kwanza, wasafiri wote wa kundi letu warudishiwe zile dinari 40 za tofauti ya kiingilio, kwa kuwa uamuzi wa kutulaza nje ya Jordan ulikuwa wenu na hatukushirikishwa. Mama aliyebaki mdomoni mwa Siq arudishiwe ada yote ya siku ile, na aombwe radhi ana kwa ana na mtu mzima wa ofisini, si kwa ujumbe wa simu.

Pili, neno "siku nzima" liondoke kwenye vipeperushi vyenu mpaka ratiba ya kweli iwepo. Mahali pake paandikwe saa ya kuingia getini, saa ya kutoka, umbali wa kutembea kwa kilomita, mahali farasi anapoishia, na vigari vya umeme vinakatiwa wapi. Karatasi moja inatosha.

Tatu, kama mnaahidi Kiswahili, leteni Kiswahili. Vijana waliosomea historia na utalii wapo mitaani hawana kazi. Mmoja wao akipewa wiki kadhaa za kusoma, atasimama pembeni ya yule mwongoza wageni wa Jordan na kutafsiri vizuri. Sisemi amfute kazi mwenyeji, kwa kuwa mwenyeji anaijua njia na anajua mawingu ya kwao.

Nne, kuwe na utaratibu wa dharura unaosomwa kwa sauti kabla ya kushuka kwenye basi: namba ya simu inayopatikana ndani ya Jordan, mahali pa kukutana, na agizo la kutoingia Siq kukiwa na tahadhari ya mafuriko, hata kama fedha imeshalipwa.

Kuhusu duka la njiani, fanyeni mnavyotaka, ila muda wake msiukate kwenye muda wa Petra.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, tena liwekwe kwenye lile kundi la WhatsApp ili kila aliyesafiri alisome, na kundi lifunguliwe watu waweze kuuliza. Matangazo ya hija yenu ya mwakani yameshaanza kupita makanisani, na wapo wanaonipigia simu kuuliza kama walipie malipo ya awali au wasubiri. Kwa sasa ninawajibu kwamba wasubiri.

Wako katika heshima,

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Tanga.

Nakala:
Wasafiri wenzangu wote wa kundi letu
Padre mlezi wa kundi